Ndege Niliyemchora kwenye Kiwanja cha Bi Zuhura

Saa moja na robo asubuhi, Jumapili, Bi Zuhura alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu siku ile, mbele ya watu, nilishindwa kulisema.

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Boko. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kwa miaka mingi nimesoma habari za Wanazca, watu wa kale wa jangwa la Peru, waliochora ardhini ndege na nyani wakubwa karibu kama uwanja wa mpira. Wengi husema ni maajabu. Mie nilikuwa nabisha: ukiwa na vigingi na kamba, ukakwangua udongo wa juu mpaka weupe utokee, unaweza!

Aliyenisikiliza bila kucheka ni mmoja tu, rafiki yangu Gasto, dalali wa viwanja.

"Braza, maneno yametosha," akaniambia. "Chora ndege mmoja tuone. Kiwanja cha Bi Zuhura, pale kando ya nyumba yake, kiko wazi, nyasi zimefyekwa. Nimeshamwomba, amekubali."

Nilipima kila bawa na kila ukucha. Kitu kimoja sikukipima: neno la Gasto. Sikwenda kubisha hodi kwa mwenye ardhi! Jumamosi ile Bi Zuhura alikuwa Ukonga kwa dada yake, kwenye harusi, mpaka usiku. Tulichora mchana kutwa, ukuta wa kiwanja ukitukinga na macho ya majirani. Jioni Gasto akafagia nyayo zetu. "Ili apendeze," akasema. Nami nikamsifu!

Asubuhi nilipofika mbio, Gasto alishatangulia.

"Mama, huyu hakuchorwa na mtu," alikuwa akimwambia. "Hakuna hata unyayo! Kiwanja hiki kina mambo. Kiuze haraka."

Nikafungua mdomo. Gasto akanivuta kando, akaninong'oneza: "Sema basi! Leo hii mtaa mzima watakuita mchawi. Nani atanunua hata msumari kwako?"

Nikanyamaza. Ole wangu, nikanyamaza!

Bi Zuhura ni mjane. Kiwanja kile aliachiwa na mumewe. Kabla ya hapo alishakataa milioni arobaini, akisema ni cha kujengea wajukuu. Wiki ile ile akamuuzia mtu aliyeletwa na Gasto, kwa milioni kumi na nne, akahamia Ukonga.

Baada ya mwezi, Gasto akaja dukani kwangu kununua saruji.

"Nipunguzie bei, rafiki yangu. Najenga kwenye ndege wako," akasema, akicheka. Kumbe mnunuzi alikuwa shemeji yake, aliyenunua kwa niaba yake!

Nilikwenda kwa mjumbe wa mtaa kueleza yote. Akaniuliza, "Alilazimishwa kusaini?" Nikasema hapana. "Basi hakuna la kufanya," akasema. Nikaenda Ukonga, nikapiga magoti.

Bi Zuhura hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, si ungenigongea mlango? Ningekuruhusu uchore, na chai ningekupikia."

Ndugu zangu, rafiki akikwambia mwenye mali ameridhia, nenda ukamsikie mwenyewe kwa masikio yako. Na ukijua ukweli ambao mwenzako anauhitaji asubuhi ile, useme asubuhi ile ile, hata wakikuita mchawi! Mie nilichelewa. Ukimya wangu umemgharimu mama wa watu shilingi milioni ishirini na sita.