Aliuza au Aliuzisha

Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Nilizaliwa Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na nyumbani tuliongea Kinyarwanda cha kuombana chumvi na kugombezana. Mengine yote, hata ndoto, yalikuwa kwa Kiswahili. Basi niliporudi Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Congo, kama kweli mtu anaweza kurudi mahali ambapo hajawahi kufika, nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya komini, yaani serikali ya pale mtaani. Watu walinisikia ninavyojikongoja wakanihurumia. "We dada, tuseme tu Kiswahili," walisema. Nami nikafurahi, maana hapo nilijiona bingwa. Kiswahili chao cha Goma na Masisi kilinichekesha, na kila jioni nilikuwa na la kumsimulia mama yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Vita havikuacha hata madaftari: mengine yalichanika, mengine yaliwashiwa moto wa kupikia. Watu waliopoteza hati zao wakikimbia walikuja na mashahidi, wakasema ardhi yao wameipataje, nami nikaandika upya katika daftari kubwa, kwa Kinyarwanda. Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko mzuri. Maneno ya kazi, yapata ishirini hivi, nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya droo, na nilijua yale tu.

Siku moja akaja mama mmoja mjane, mchuuzi wa vitunguu aliyevuka mpaka kila asubuhi kwenda Goma. Alikuwa na watoto wanne na nyumba ya mbao huko Nyamyumba. Aliongozana na mzee mwenye fimbo na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Kiwanja hiki mlikipataje?" nikauliza.

"Kiwanja ya ndege?" mzee akashangaa.

"Anasema parcelle," mama akamweleza. Kisha akanigeukia. "Mi niliuza hii parcelle kwa huyu muzee."

"Ni vile," mzee akasema.

Nikaandika kwamba mama yule aliuza na mzee akanunua. Na kwa kuwa nilijiona mtu wa uhakika, nikawasomea kwa Kiswahili changu safi: "Mama ameuza kiwanja kwa mzee huyu. Sawa?" Wote wawili wakajibu sawa, wakatia vidole kwenye wino. Sikumuuliza mama ataishi wapi na watoto wanne. Kuuliza si ujinga, husema watu, lakini mimi sikuuliza.

Baada ya wiki kadhaa mama alirudi. Alitaka kuongeza chumba, akaambiwa alete nakala ya maandishi yetu. Siku hiyo katibu wa komini, mwanamume aliyekulia Congo na asiyekuwa na papara, ndiye aliyefungua daftari. Akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, hapa wameandika ulishauzisha."

"Nani aliuzisha? Mi? Mi niliuza!"

"Si ndiyo hiyo?" nikadakia. "Umeuza, nami nimeandika umeuza."

Katibu akavua miwani. "Dada, kule Tanzania ukienda sokoni kuchukua nyanya, unafanya nini?"

"Nanunua."

"Bon. Hapa tunauza. Mwenye nyanya, yeye njo anauzisha."

Nikaufuata mwandiko wangu kwa kidole, neno kwa neno. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Kinyarwanda cha mama yangu kinasema vilevile: kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza. Nilikuwa nalisikia jambo lile jikoni tangu utotoni, nikaja kulicheka ofisini. Hata ile "kwa" ilinidanganya. Yeye alisema ameipata kutoka kwa mzee, mimi nikasikia amempa mzee.

Mama alikaa kwenye benchi taratibu. "Donc sina nyumba?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maji yakimwagika hayazoleki, na daftari la komini halifutwi. Katibu alieleza kwamba kosa husahihishwa pembeni mwa ukurasa tu, wahusika wote wawili wakiwepo na kutia vidole. Mama alikuwepo. Lakini mzee alikuwa na miguu iliyovimba, alikuwa na wana wawili watu wazima, na kwa mujibu wa mwandiko wangu mzuri sasa alikuwa mwenye ardhi ile na nyumba iliyokuwa juu yake. Akikataa, au akifa kabla ya kuja, wana wangerithi nyumba ya mjane.

Jumapili mimi na mjane tulikwenda Nyamyumba kwa miguu. Mama alitangulia kwa hatua ndefu bila kunisubiri, na sikumlaumu. Tulimkuta mzee kwenye chemchemi ya maji ya moto kando ya ziwa, miguu imezama hadi magotini, wanawe wamekaa kando juu ya mawe. Nikaeleza kosa langu bila kuzungukazunguka. Mwana mkubwa ndiye aliyeelewa upesi kuliko wote.

"Karatasi inasema parcelle iko ya baba?"

"Inasema hivyo, lakini imekosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Karatasi ya Leta haikosee," akasema, akamtazama mdogo wake.

Leta ni serikali, na siku ile serikali ilikuwa mimi, nimesimama pale na viatu vimejaa tope. Mama alisema neno moja tu: "Muzee, we unajua." Mzee akalalamika kwamba siku hizi maji hayana moto kama zamani. Kuhusu kuja ofisini alisema ataona miguu itasemaje. Tukarudi bila jibu.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Jioni mama yangu aliuliza vichekesho vya ofisini, nikamwambia hakuna. Nilimwona mjane yule kila mahali: akifunga vitunguu, akivuka mpaka, akirudi kwenye nyumba ambayo mimi nilimnyang'anya kwa kalamu.

Alhamisi, mvua ikinyesha, mzee aliingia ameshikwa na wanawe huku na huku, akiitukana barabara, mvua na yeyote aliyejenga ofisi juu ya ngazi. Katibu akatuma mtu kumwita mama. Alipofika, mzee hakumsalimu hata. Alinielekezea fimbo.

"Andika. Niliuzisha."

"Baba, tungoje kwanza," mwana mkubwa akaanza.

"We nyamaza. Niliuzisha vibaya! Ile parcelle iko na udongo muzuri kuliko zote nilikuwa nazo. Kila siku nikiipita pale chini roho inaniuma." Akapumua. "Lakini niliuzisha."

Nikaandika pembeni mwa ukurasa. Mzee akaniambia nisome jina la mwenye parcelle. Nikasoma jina la mama.

"Tena. Kwa nguvu."

Nikasoma hadi waliokuwa wanajikinga mvua barazani wakageuka. Ndipo akawaonyesha wanawe kidau cha wino.

"Na nyinyi muweke kidole. Nikikufa, kusikuwe mutu wa kusema hakusikia."

Mdogo alitia haraka. Mkubwa alisimama akitazama ukurasa kwa muda mrefu, nasi sote tukimtazama yeye. Hatimaye akainama akatia chake. Mama akatia cha mwisho, akafunika uso kwa kitenge chake, akalia. Nami nikalia, karani mzima, mbele ya watu.

Alipojifuta machozi alimgeukia mzee. "Muzee, usikuwe unapita tu pale. Ingia, ukae."

"Kile kilima miguu yangu haikiwezi," mzee akanung'unika.

"Tutakubeba," akasema mwana mkubwa, akitafuta mahali pa kufuta wino.