Mafundi Watano, Cherehani Moja

Mashamba ya karanga ya Urambo yalipoanza kupunguza watu, Tabora ilijaa madereva wa trekta wasio na trekta. Serikali ikamleta mtaalamu wa Kizungu apime ukubwa wa tatizo, nami nikawa karani wake. Kipimo chake kilikuwa hiki: mwanamume ambaye kwa wiki nzima hakushika kazi yoyote, huyo hana kazi. Kipimo safi. Kasoro yake ni kwamba mjini kila mtu alijua asiye na kazi huitwa mhuni, na mhuni hupakiwa kwenye lori akarudishwa kwao.

Jirani yangu, dereva aliyetoka Urambo, kwao kulikuwa Nzega. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Mimba ya kwanza ilimtoka njiani, juu ya lori.

Siku ya kuhesabu tulifika kwenye kibaraza cha duka la Mwarabu mmoja mzaliwa wa Tabora. Palikuwa na cherehani moja na mafundi watano. Mwenye duka aliapa kwamba wote ni wake.

"Wewe kazi yako nini?" niliuliza.

"Nazungusha gurudumu."

"Na wewe?"

"Nashika kitambaa, huyu akichoka kukishika."

Jirani yangu alikuwa wa mwisho. "Vifungo," alisema, bila kunitazama.

"Wanaume watano, kaptula moja!" alicheka mama muuza vitumbua aliyekuwa ng'ambo ya barabara. "Atavaa tembo?"

"Tuache, mama, tuko kazini," alijibu mwenye gurudumu.

Mtaalamu alifurahi. Alivua koti, akaonyesha mfuko uliokosa kifungo, akampa jirani yangu. Jirani yangu aliishika sindano kama anayeshika spana. Alishona huku jasho likimtoka, na alipomaliza, kifungo kilikuwa imara, na mfuko nao umeshonwa ukafungika kabisa. Mtaalamu alikitazama kifungo tu.

"Fundi mzuri," alisema kwa Kiswahili chake, akaniamuru niandike watano, wote wana kazi. Kutwa nzima alihangaika kutoa leso yake.

Ripoti ilisema Tabora haina ukosefu wa kazi wa kutia wasiwasi, kwa hiyo hakuna haja ya serikali kuanzisha kazi yoyote. Lori halikuja mtaani kwetu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha majirani.

Muda si mrefu baba yake alibisha hodi kwangu, kavaa shati safi.

"Karani," alisema, "ile kazi uliyoniandikia. Kesho naripoti wapi?"