Kizibo Nilichokirudisha Mfukoni

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua samaki kwenye mwalo mmoja, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Kila asubuhi iliingia mitumbwi thelathini na kitu, nami niko peke yangu na rula ya kupimia sangara wachanga, ambao ni marufuku kuvuliwa. Niliweza kukagua mitumbwi mitatu tu kabla wachuuzi hawajaondoka na mzigo.

Mwanzoni nilichagua kwa macho. Nilimkagua aliyekwepa kunitazama, au aliyenijibu vibaya jana yake. Haikupita miezi miwili wakanizoea. Wenye samaki wachanga ndio wakawa wananisalimia kwa uchangamfu kuliko wote. Mama mmoja muuza dagaa akanionea huruma.

"Mwanangu, wewe unasomeka kama bango. Piga kura."

Nikaandika namba za mitumbwi kwenye vizibo vya soda, nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa, na kila asubuhi nikawa natoa vitatu mbele ya watu. Zamu ya nani ilikuwa imefika, hata mimi sikujua. Na nisichokijua, hakuna wa kukisoma usoni mwangu. Lawama kwamba nawaonea watu zikaisha.

Asubuhi moja kizibo cha tatu kikatoka na namba ya mvuvi aliyekuwa amemzika mwanawe siku nne nyuma. Alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, kashika kamba. Yule mama akaninong'oneza, "Kirudishe, toa kingine. Nani atakulaumu?"

Nikakirudisha. Kingine kikamwangukia mzee mmoja mpole ambaye sikuwahi kumshuku.

"Shikamoo baba. Naomba nione mzigo."

"Marahaba," akasema, lakini hakusogea.

Chini ya turubai walikuwa sangara wachanga watupu. Nikazichukua nyavu zake palepale, kama sheria inavyotaka. Hakubisha. Alipomaliza kutia sahihi kwenye fomu ya kosa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, kura ndiyo iliyonipata, au ni wewe?"

"Samaki ni wako, baba."

"Ni wangu, sikatai. Mimi nimeuliza habari ya kura."

Nilirudi chumbani kwangu Mkolani, nikafua nguo zangu za kazi na kuzisuuza mara mbili, lakini swali lake halikunitoka kichwani. Kosa lilikuwa lake. Lakini wote tulikubaliana kusimama chini ya bahati moja, na mimi nilipotia huruma yangu mle mfukoni nilikuwa nimerudi kuchagua kwa macho. Tena nikajiuliza: ningepata wapi moyo wa kufunua turubai la mtu mwenye msiba mbichi? Hilo hadi leo sijalijua.

Kesho yake mvuvi yule mfiwa alinifuata kabla sijafika majini.

"Dada, jana ungenikagua tu."

"Nilikuonea huruma, kaka. Pole sana."

"Nimeshapoa. Lakini mtumbwini kwangu hakukuwa na samaki hata mmoja wa kuficha. Ulipokirudisha kile kizibo, watu wote wakaamini nilikuwa nao. Jana nzima wachuuzi wananipa pole kwa kukonyeza jicho."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilidhani nimemwondolea mzigo, kumbe nimemtwisha mwingine.

Nikawaita watu wote. Nikasema nilikosea, tangu leo mwenye msiba aseme kabla sijaingiza mkono, kizibo chake kiwekwe pembeni; lakini mkono ukishaingia, kitakachotoka ndicho hicho. Mzee alikuwepo, akisikiliza akiwa ameegemea mtumbwi wake usio na nyavu. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akatikisa kichwa kidogo, sikuelewa kama amekubali au amekataa, akaenda kutafuta kibarua cha kupakua samaki wa wenzake.

Mfiwa naye nikamwuliza kama tukiweke kizibo chake pembeni.

"Kiache humo humo," akasema.

Nikatikisa mfuko, nikaangalia pembeni, nikaingiza mkono.