Mzee Kiama

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka sokoni akisema jua la Nkende ni la kiama. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Kenyamonta, harufu ya dizeli na ya paa letu la nyasi lililochomwa ili tusirudi, na lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa likinguruma. Bibi, ameketi kando ya jiwe lake la kusagia ulezi, alisema polepole, "Ni kiama." Nilidhani ni jina la dereva. Nikamwendea, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Kiama."

"Marahaba, binti," akasema, akanibeba, akanipandisha garini.

Jiwe lilibaki. Kule tulikohamia, kila niliposikia lori, nilitoka mbio kumtazama Mzee Kiama, aturudishe nyumbani.