Shangazi Avuka Daraja la Kale

Shangazi yangu alimaliza eda siku ya Jumatano, na kesho yake asubuhi akanitaka nimsindikize kwa miguu hadi makaburini, kwa njia ileile waliyoipita wachukuzi wa jeneza la mumewe. Siku ya maziko wanawake hawakufuata; yeye alibaki ndani, akisikiliza dhikri ikififia kuelekea bondeni. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu: kuipita njia hiyo mwenyewe, akiwa na udhu na nguo tohara, kisha amsomee mumewe Fatiha.

Njia hiyo hukatiza juu ya daraja la mawe, chini ya mtaa wa Mtanda. Nimelichunguza kwa miaka mingi. Lina matao mawili ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na kuta fupi za pembeni ambazo mwashi alizipa mwinamo mdogo ili maji ya mvua yasituame. Wengine husema lilijengwa na Wajerumani, wengine Waarabu. Ushahidi nilio nao hauniruhusu kuhukumu. Ninaloweza kuhukumu bila wasiwasi ni hali yake ya sasa.

"Shangazi, tuzungukie daraja la zege, kule barabarani," nilimsihi. "Ni mbali kidogo, lakini ni safi."

"Kwani mume wangu alipitishwa kwenye zege?"

Nikamfuata kuelekea bondeni.

Uvundo ulitulaki kabla ya daraja lenyewe. Matumbo ya samaki yalikuwa yametandazwa juu ya mawe, mengine mabichi, mengine yamekauka na kugandamana na magamba. Pampasi zilizovimba kwa maji zilipasuka chini ya nyayo za wapita njia. Na katika pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu, pale hasa ambapo ustadi wa mwashi huonekana, watu walikuwa wamejisaidia, si mmoja wala si mara moja. Nikatoa leso, nikaziba pua.

Wanawake wawili wauza samaki wa kukaanga walikuwa wameinjika karai lao mlangoni mwa daraja. Mmoja alikuwa akipasua changu juu ya ukuta na kurusha matumbo nyuma yake bila kugeuka.

"Shikamoo, bibi! Umetoka eda? Mungu akutie nguvu."

"Marahaba, wanangu. Amin."

Kisha yule mpasua samaki akaniona na leso yangu puani. "Mwalimu, samaki wetu unawala, matumbo yao unayaonea kinyaa?"

"Mwache," mwenziwe akadakia, akigeuza samaki karaini. "Pua hiyo imesomeshwa."

"Hii ni njia ya watu," nikasema. "Hamwoni haya?"

"Mbona siku ya maziko tulipafagia?" akajibu yule mpasuaji, kwa mshangao usio na hila. "Tukamwaga na maji. Maiti hapitishwi pachafu."

Ilikuwa kweli. Siku ile nilifuata jeneza, nikayaona mawe yaking'aa, nikadhani mji umerudiwa na akili. Kumbe usafi ni haki ya aliyekufa. Aliye hai na akanyage kinyesi.

Shangazi alikuwa amesimama pale jiwe linapoanzia, amelikusanya buibui lake kwa mikono miwili, wala hakuthubutu kuweka mguu. Najisi kwenye pindo haivunji udhu, na yeye alilijua hilo kama nilijuavyo mimi. Lakini hakutaka kumfikia mumewe na nguo yenye najisi.

"Basi nifagilieni na mimi," akasema. "Au mpaka niletwe mabegani?"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mpasuaji alifuta mikono kwenye kanga, akachukua fagio la chelewa. Mwenziwe akaleta ndoo. Wakafungua njia katikati ya daraja, upana wa jeneza. Vyote walivyofagia wakavisukumia kijitoni, vikatua juu ya vilivyotangulia. Nilitaka kuwakemea, shangazi akanikata kwa jicho.

Alivuka taratibu, midomo ikimcheza. Ng'ambo aliliachia pindo, likaanguka kavu, halina doa.

"Haya, mwalimu, pita! Wewe hatukufagilii tena!"

Nilipita kwa ncha za vidole, leso puani. Shukrani niliyowiwa kuwapa haikunitoka. Shangazi alikwisha shika njia ya makaburini, wala hakunisubiri.