Kanga ya Matundu Kumi

Katika maisha yangu nimekunywa kahawa vikombe viwili tu, na vyote viwili nilivinywa kwa ajili ya kanga ya mama.

Ilikuwa Kilosa, mwaka wa pili au wa tatu wa Uhuru. Karibu na stesheni palikuwa na mgahawa wa mabati wenye meza tatu na birika moja kubwa la shaba. Mwenyewe alikuwa Mnyamwezi. Alikuja zamani kwenye mashamba ya mkonge, akawa mpishi wa mzungu, halafu akaachana na mzungu akafungua biashara yake. Majina ninayakumbuka, lake na la kila nitakayemsema hapa, hata majina ya mbuzi wao. Lakini wengi wametangulia na siwezi kuwaomba ruhusa, basi tuyaache.

Sasa, sikukuu ya Uhuru ikikaribia, wenye maduka walikuwa wakitutesa. Kanga itakaa rafuni miezi mitatu inakula vumbi, haina anayeitazama. Wanawake wakubaliane tu kwamba hii ndiyo sare yetu, kesho yake imekuwa adimu kama mvua ya Septemba. Mwaka ule kikundi chetu cha nyimbo kilichagua kanga ya kijani yenye korosho pembeni. Tungeimba uwanja wa boma, mbele ya mkuu wa wilaya. Na sharti lilikuwa moja: asiye na sare atasimama na watazamaji.

Mwanzilishi wa nyimbo zetu alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa mjane, anaishi Masanze, na kila Jumamosi alikuwa akishuka mjini kwa mazoezi. Yeye alianzisha, sisi tukaitikia. Akikosekana, nafasi yake ilikuwa ya mke wa fundi baiskeli, mwanamke mwema sana, lakini sauti yake ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Mimi yangu nilikuwa nimeshanunua, lakini nilipomwambia mama kwamba kanga ya kijani imekwisha dukani, akasema, "Nikikosa sare nitabaki Masanze nipande mahindi. Siendi kuombea huruma nafasi yangu mwenyewe."

Kumbe doti za mwisho alizichukua yule Mnyamwezi wa mgahawa. Akatundika moja ukutani, nzima, imekunjuliwa yote, halafu akawatangazia wateja: kila mtu atapewa kadi. Kikombe kimoja cha kahawa, tundu moja. Ukitimiza matundu kumi kabla ya sikukuu, kanga yako. Kadi alizitoboa kwa koleo kuukuu la kutobolea tiketi, alilopewa na shemeji yake wa reli. Tundu lake lilikuwa na umbo la mwezi mchanga, huwezi kuliiga kwa msumari. Najua kwa sababu nilijaribu.

Tabu ni kwamba siku zile mgahawani palikuwa mahali pa wanaume. Kadi nikampa mume wangu. Akanywa vikombe viwili, akakesha macho kodo hadi asubuhi, akanirudishia kadi. "Mke wangu," akasema, "tafuta mwanaume mwingine wa kukunywea."

Nikawatafuta. Nilikuwa nauza vitumbua stesheni, kwa hiyo nikaweka mkataba wangu: anayeninywea kahawa, kitumbua chake kiko hapa. Fundi cherehani akaninywea viwili. Katekista wetu akaninywea kimoja, kafumba macho kama anayemeza dawa ya minyoo. Mpiga kengele wa stesheni akaninywea vitatu kwa mfululizo, na siku hiyo akapiga kengele ya kufika treni wakati treni yenyewe ilikuwa haijapita Kidete. Abiria wakabeba mizigo, wakasimama nayo kichwani mpaka shingo zikauma.

Yakabaki matundu mawili, na sikukuu ni kesho. Watu wangu wote walikuwa wamechoka, na kitumbua hakikuwavuta tena. Nikaenda mwenyewe, nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikaagiza vikombe viwili.

"Mtani," akasema mwenye mgahawa, "leo umekuwa mwanaume?"

"Nipe kahawa. Uanaume nitauangalia baadaye."

"Nyie wa milimani mmezoea togwa. Hii itakuangusha."

Haikuniangusha, ila moyo ulinienda mbio kama wa kuku aliyeona kicheche. Nikamkabidhi kadi. Akayahesabu matundu yote, akaingia ndani, akatoka na kipande kimoja cha kanga. Doti alikuwa ameshaikata katikati kwa mkasi.

"Na kipande cha pili?"

"Cha pili kina kadi yake. Matundu kumi mengine."

"Ukutani umetundika doti nzima."

"Ukutani ni mapambo, mtani."

Wanawake wenzangu mnajua. Kipande kimoja unajifunga unapokwenda kuoga. Mbele za watu unahitaji viwili, kimoja kiunoni na kimoja kichwani au mabegani. Nililia njia nzima. Nyumbani nikamkuta mama ameshafika kutoka Masanze, vumbi hadi magotini. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo si mtani wetu?" akauliza.

"Ndiye."

"Basi unalia nini?"

Kwetu Wasagara, Mnyamwezi ni mtani. Mtani atakutukana, atakuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa hadi uzeeni.

Asubuhi ya sikukuu mgahawa ulifurika. Watu walikuwa wameshuka kutoka Tindiga na kila upande, na wengine wanateremka kwenye treni. Mama akaingia, kakunja kile kipande kimoja mkononi, nami nyuma yake.

"Shikamoo mama," akasema mwenye mgahawa.

"Marahaba. Nimekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

Mama akalishika birika kwa ile kanga, akaliepua jikoni, akaenda kuketi nalo kizingitini, hapiti mtu. Akalifunika, akaanza kuomboleza. "Birika limetutoka jamani. Limekufa kwa aibu, bwana wake anawapa watu nusu nusu. Lilikuwa chungu, lakini halikumdanganya mtu."

Wasagara waliokuwamo wakadakia kilio. Katekista, naye Msagara, akavua kofia. "Marehemu alibatizwa?"

"Kwa maji ya moto," akajibu mama.

"Mama, watu wanasubiri kahawa," akasema Mnyamwezi.

"Maziko ni saa nne. Nyie kazi yenu tangu babu zenu ni kubeba mizigo. Utalibeba wewe hadi makaburini."

Nilimwona akiuma mdomo. Aliuuma mpaka ukageuka mweupe, halafu kicheko kikamshinda, akaegemea ukuta mabega yakitikisika. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha pili. Wanaume watatu waliopewa nusu nusu kama mimi wakasogea kimyakimya karibu na maiti, mikono mbele. Nao akawapa.

"Amefufuka," mama akatangaza, akamrudishia birika lake.

Alivalia nyumbani kwangu, haraka haraka, kimoja kiunoni, kimoja mabegani. Kile kilichoshika birika kilikuwa na alama ya moshi, tukaigeuzia ndani. Uwanja wa boma ulikuwa umejaa tulipofika. Mke wa fundi baiskeli alikuwa ameshasimama mbele. Alipomwona mama na kanga ya kijani akarudi mstarini, na sura yake, nadhani, ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama akasimama mahali pake, akafuta jasho, akaanzisha. Alianza juu mno. Akakatisha, akacheka peke yake mbele ya mkuu wa wilaya na wilaya nzima, akashusha sauti, akaanza upya, nasi tukaitikia.