Walimuuliza Mume Wangu: Nairobi au Mombasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ndefu ya kanisani, kwa sababu mama yangu alisema kazi ya kwanza huendewa kwa heshima. Mlinzi wa lango alinitazama mara moja tu, akaninyoshea kidole. "Wanawake ni kule nyuma, kwa kushona magunia." Nikaenda kule nyuma. Nilisimama kati ya akina mama waliokuwa wakishona midomo ya magunia ya unga, nikijua kabisa kwamba hapo si pangu, mpaka karani akaja mbio kunitafuta. Nilikuwa nimeajiriwa kujifunza usagaji wa ngano. Cheti cha chuo cha ufundi kilikuwa mkobani, na hakuna aliyeuliza kukiona.

Karani alinipeleka kwa Msagaji Mkuu, yaani mtu aliyesimamia mashine zote za kinu chetu pale Nakuru. Alikuwa mzee mfupi, nyusi zimejaa unga. Alinitazama miguuni.

"Mashine haijui dini, msichana," akasema. "Mkanda ukishika hiyo sketi, tutakuzika. Kesho uje na suruali."

Baba yangu, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, hakuzungumza nami jioni ile nilipoomba suruali ya kaka yangu. Lakini mimi sikumkasirikia yule mzee wa kinu, wala sijawahi. Tatizo lake lilikuwa sketi. Wengi niliokutana nao baadaye, tatizo lao lilikuwa mimi.

Ninyi mnaonunua unga kwa pakiti dukani huenda mnadhani ngano hutiwa mashine upande mmoja, unga ukatoka upande wa pili. Sivyo. Ngano yetu ilikuja kwa malori kutoka Njoro na Narok, na kila lori lilikuwa na tabia yake. Kwanza tuliisafisha kutoa mawe na makapi. Kisha tuliilowesha: ilinyunyiziwa maji kidogo ikaachwa ipumzike ndani ya matangi, ili ganda liwe kama ngozi, lisivunjikevunjike, na kiini kilainike. Baada ya hapo ilipita kwenye rola, mapipa mawili ya chuma yanayozunguka kwa kuelekeana, moja likiwa na mbio kuliko jingine, yakaifungua punje. Iliyofunguliwa ilipanda juu kwenye chekeche, masanduku makubwa yaliyoning'inizwa na kutikiswa, yenye vitambaa vya matundu madogo, yakitenga unga, chenga na pumba. Chenga zilirudi kwenye rola. Zikachekechwa tena. Zikarudi tena. Kazi ya msagaji ni kujua rola zikaribiane kiasi gani, na hilo hulijui kwa macho.

"Usiangalie unga. Uguse," mzee aliniambia kila siku, mpaka nikaacha kuangalia.

Nilipanda polepole. Nilikuwa wa kusafisha chekeche, kisha wa rola, kisha, baada ya miaka mingi na wanaume wengi kupandishwa mbele yangu, nikawa msagaji wa zamu, yaani yule anayeachiwa kinu kizima zamu yake yote. Meneja wa Kiwanda wa wakati huo alinitangaza kwa kusema, "Tumjaribu Mama Nafula, tuone." Wanaume hawakuwa wakijaribiwa. Walikuwa wakipandishwa tu. Miongoni mwa niliowafundisha kazi ni Kamau, kijana wa kutoka Bahati, jirani na Nakuru, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa. Mume wangu, Wekesa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Njoro, na watu wote walimwita Mwalimu. Tulikuwa na watoto watatu: Nafula na ndugu zake wawili wa kiume. Tuliishi vizuri. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Siku moja Meneja Mkuu alikuja kutoka makao makuu, tukakusanywa kwenye kantini. Alivaa koti zuri na hakutaka kuegemea chochote.

"Hii kinu imezeeka," akasema. "Ngano mingi siku hizi inakuja na meli. Kwa hivyo tunafungua kinu mpya Mombasa, karibu na bandari. Nairobi tutabaki na kufunga pakiti na kusambaza. Hakuna mtu anafutwa. Kila mtu atachagua mwenyewe, Nairobi ama Mombasa. Mtaitwa ofisini mmoja mmoja."

Kila mtu atachagua mwenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Kwa siku kadhaa hatukuzungumza kitu kingine. Mmoja alisema Nairobi ni afadhali, ukitoka kazini Ijumaa unapitia Kikopey njiani kununua nyama, unafika nyumbani watoto hawajalala. Mwingine akamwambia Nairobi utakaa nyumba ya chumba kimoja ukilipa kama unanunua. "Na Mombasa je?" "Mombasa hata maji ya kuoga iko na chumvi." "Si utazoea?" "Chumvi naweza zoea. Joto siwezi." Kamau alisema yeye anakwenda Mombasa, kwa sababu Nairobi hakuna rola, na yeye hakujifunza kusaga ili aende kubandika karatasi kwenye pakiti.

Hayo ndiyo niliyofikiria mimi pia. Nairobi ilikuwa karibu na watoto wangu. Mombasa kulikuwa na kazi yangu. Usidhani nilichagua nikiimba. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado anakataa kulala bila kunishika sikio. Nilizungumza na Baba Nafula jioni baada ya jioni, tukipanga: Nafula alikuwa sekondari ya bweni, dada yake mume wangu alikuwa tayari kuja kukaa na wavulana, na likizo za shule wangekuja kwangu wote. Nilimwambia nimeamua Mombasa.

"Wacha nifikirie kidogo," akasema.

"Fikiria. Lakini mimi nimeshafikiria."

Wafanyakazi wakaanza kuitwa ofisini. Kamau aliingia, akatoka kabla chai yangu haijapoa. "Meneja Mkuu ameniuliza unataka wapi, nikamwambia Mombasa, akasema sawa." Ni hivyo tu. Kamau alikuwa na mke na watoto wanne Bahati, na hakuulizwa hata majina yao.

Mimi sikuitwa. Nilidhani zamu yangu itafika. Ijumaa tukakusanywa tena kantini, na Afisa wa Wafanyakazi, mwanamke wa rika langu, jambo linaloniudhi mpaka leo, akaanza kusoma majina na miji. Alipofika kwangu akasema, "Mama Nafula, Nairobi, kitengo cha kufunga pakiti."

Nilisimama. "Mimi sijaulizwa."

Meneja Mkuu alitabasamu. "Mama, keti. Mzee wako alikuja hapa Jumatano. Tuliongea vizuri sana. Tunashukuru familia."

Kantini ilicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Nilisimama pale, mimi niliyekuwa nikiachiwa kinu kizima, mashine za orofa nne zikinguruma mikononi mwangu na watu wakilala majumbani kwa amani, na sikuweza kuachiwa kutaja jina la mji mmoja.

Sikumbuki nilifikaje Njoro. Nilimkuta Baba Nafula anasahihisha madaftari mezani.

"Ulienda ofisini kwangu?"

Aliweka kalamu chini. "Meneja wenu alinipigia simu. Akaniita Mwalimu. Akanikaribisha, akanipea chai. Akaniuliza mimi naona aje."

"Na ukasema Nairobi."

"Nilitaka ukuwe karibu."

"Karibu na nini? Na gundi ya pakiti?"

"Mama Nafula, mtu mkubwa kama yule ananiuliza. Ningesema nini?"

"Ungesema, muulize mwenyewe."

Akaichukua tena kalamu. Nikaingia jikoni, nikapika ugali mgumu ambao hakuna aliyeumaliza. Wavulana walikula wakitazamana. Sikulia. Watu hupenda kusikia kwamba mwanamke alilia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yangekuwa mapumziko.

Jumatatu asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja Mkuu. Nilimweleza kwa adabu yote niliyofunzwa nyumbani kwamba mimi ni msagaji wa zamu, kwamba nimechagua Mombasa, na kwamba aliyekuja Jumatano hafanyi kazi katika kampuni yake.

"Mama, sitaki kuvunja boma ya mtu," akasema. "Nikikupeleka huko mbali, kesho mzee wako atakuja hapa kunilaumu. Kama mmebadilisha mawazo, mwambie aje."

"Kamau aliambiwa alete mke wake?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake ni gani?"

Aliangalia saa. "Mwambie mzee aje."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kuyarudia mbele ya mume wangu kulikuwa kama kutapika. Ilibidi nimwombe. Kuomba ruhusa ya mtu ili nisikilizwe nikisema sihitaji ruhusa ya mtu! Baba Nafula alisikiliza hadi mwisho. Hakujitetea. Kesho yake aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akavaa suti yake, tukaenda pamoja.

Meneja Mkuu alimpa mkono yeye kwanza. "Mwalimu, karibu, karibu. Haya, tuseme aje?"

Baba Nafula hakuketi. "Jumatano nilikosea njia," akasema. "Mimi si mfanyakazi wako. Mwenye kazi ni huyu. Muulize."

Meneja akacheka kidogo, akageuka kwangu kana kwamba ndiyo nimeingia sasa hivi. "Haya, Mama. Wapi?"

"Mombasa."

"Sawa."

Basi. Neno moja, kama alivyomwambia Kamau. Wengi niliowasimulia kisa hiki huishia hapo, wakampongeza Mwalimu, wakasema kumbe mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Nilichosema Jumatatu ndicho alichosema mume wangu Jumanne, karibu neno kwa neno. Siku ya kwanza maneno hayo hayakusikika, siku ya pili yakasikika. Nilipata nilichotaka, na namna nilivyokipata imenikaa kooni miaka yote hii.

Mombasa ilinipokea kwa joto lile walilolitaja. Msagaji Mkuu wa kule, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole, alinitembeza kinu kipya, akanifungulia sanduku moja la chekeche. Kitambaa kilikuwa kimeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. "Bi Respa," akaniambia, akiniita kwa jina langu mwenyewe, "huku unga hutoa jasho. Uliyoyajua bara, nusu yake iache getini." Ngano ya melini ilikuwa ngumu, haikulainika kama ya Njoro, na hewa yenyewe ilikuwa imelowa. Ilibidi nijifunze upya kiasi cha maji, muda wa kupumzisha, nafasi ya rola. Nilijifunza. Alipostaafu, nilichukua nafasi yake, na wakati huu hakuna aliyesema tumjaribu tuone, maana yeye alikwishawaambia kwamba hakuna wa kulinganishwa nami, na alikuwa mtu wa kusikilizwa.

Gharama ilikuwepo, siifichi. Yule wa mwisho alijifunza kulala bila sikio langu, na alijifunza upesi kuliko nilivyopenda. Baba Nafula alikuja kila likizo na wavulana, akitembea Mombasa na kofia ya kanisani, akilalamika kuhusu jua. Kulikuwa na mwaka mmoja tulioongea kwa shida. Tukavuka. Kamau naye alikuwa kule kule, chini yangu, naye alikosa kuwaona watoto wake wakikua, na alilia mbele yangu siku binti yake wa kwanza alipofaulu mtihani yeye akiwa kwenye rola. Alikuwa na uchungu ule ule niliokuwa nao. Ila yeye hakuna aliyemhubiria kuhusu watoto aliowaacha.

Sasa nimestaafu, niko Njoro, nafuga ng'ombe wawili na kugombana na majirani kuhusu ua wa mpakani. Hapa ndipo nilipogundua kwamba jambo hili halikuisha kantini. Kila nikutanapo na watu wa zamani, swali ni moja: "Na watoto uliwaacha na nani?" Niliwaacha na baba yao, nawajibu, na wananitazama kama nimesema niliwaacha barabarani. Wasichana wanaoanza kazi siku hizi huniambia, mathe, mambo yamebadilika. Huenda. Lakini juzi juzi mmoja wao, mhandisi mwenye digrii, alinieleza kwamba ofisini kwao walipopanga nani ahamie jiji gani, hawakumtaja kabisa, kwa sababu "ana mtoto mdogo." Nilimwambia aende akaulize, na asiende na mtu.

Mwezi uliopita kanisani kwetu walitufanyia ibada ya shukrani, mimi na Mwalimu, kwa sababu sote tumemaliza kazi salama. Mchungaji, mtu ninayemheshimu, alimsimamisha mume wangu mbele ya watu. "Tumshukuru Mungu kwa mwanamume huyu," akasema, "aliyemruhusu mke wake aende kufanya kazi mpaka Mombasa." Watu wakapiga makofi, wengine vigelegele. Kisha akanipa maikrofoni nisalimie.

"Hakuniruhusu," nikasema.

Makofi yakakatika.

"Kazi yangu ilihamia Mombasa, nikaifuata. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Bahati, anaitwa Kamau. Naye aliifuata. Kuna kanisa limewahi kumsimamisha mke wa Kamau, likamshukuru kwa kumruhusu?"

Kule nyuma, walikoketi akina mama wa kwaya, mtu mmoja alisema "Amina" kwa sauti kubwa, halafu akakohoa. Nilimrudishia mchungaji maikrofoni yake, nikaenda kuketi.

Baba Nafula aliniinamia. "Hiyo ya mke wa Kamau," akaninong'oneza, "ungeanza nayo, kabla hujanianika mimi."

Alitaka nicheke. Sikucheka.